Kilio Chetu na Ukimya Wetu

Mwaka 2017, katika likizo fupi ya mwezi wa Septemba, mjukuu wangu aliyekuwa kidato cha tatu alikuja kukaa nasi hapa Lumuma. Ulikuwa msimu wa vitunguu. Mashamba ya bondeni yalikuwa yanavunwa, magunia yamepangwa kando ya njia, na malori ya wanunuzi yamejaa hadi mlangoni pa shule. Jioni moja alikuja barazani na daftari lake la fasihi mkononi.

"Shikamoo babu. Naomba unisaidie. Swali linataka hoja tatu kwa kila kitabu, na hapa kwenye *Kilio Chetu* ninazo mbili tu."

Nililichukua lile daftari nikalisoma kwa jicho la mwalimu mzee. Lilikuwa daftari zuri. Dhamira zilikuwamo, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika na tabia zao, mandhari, matumizi ya lugha, hata jina la kitabu kama linasadifu yaliyomo. Nikampa ile hoja ya tatu, naye akaiandika. Kisha nikamwuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga: "Sasa mwanangu, kitabu kinasema Suzi aliangamia kwa sababu mama yake hakumwambia. Hakumwambia nini?"

Akanitazama, akapekua kurasa za daftari, akarudi tena mwanzo. Mwishowe akasema, "Hilo hatukufundishwa, babu. Halitoki kwenye mtihani."

Jibu hilo nimelala nalo siku nyingi. Nimefanya kazi ya ualimu miaka 37. Nimekuwa mkuu wa shule, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo cha ualimu. Wengi waliofundisha tamthiliya hii madarasani walipita mikononi mwa watu kama mimi. Kwa hiyo hapa naandika uhakiki wa kitabu, lakini msomaji asishangae akiona mhakiki naye yumo miongoni mwa wahusika.

*Kilio Chetu* ni tamthiliya fupi iliyoandaliwa na Medical Aid Foundation na kuchapishwa na Tanzania Publishing House katikati ya miaka ya 1990. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika shule za sekondari. Kisa chenyewe si kigumu. Mtambaji anatusimulia habari za dubwana lililoingia katika jamii na kuwamaliza watu. Kisha tunawaona vijana: Joti mwenye wapenzi wengi, Suzi ambaye bado ni mtoto, na Anna ambaye anao msimamo wake. Baba Anna anaamini kwamba watoto waelezwe habari za jinsia na maradhi mapema. Mama Suzi anaona kuwaeleza ni kuwafundisha uhuni. Mwisho wake Suzi anapata mimba pamoja na maradhi, na Joti anakufa. Anna, aliyeelezwa, anabaki salama.

Ili tukitendee haki kitabu hiki, hatuna budi kukumbuka kilizaliwa wakati gani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya hapo na hata baada yake, watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinauzwa kwa magendo mpakani. Ulipoenea tukaupa majina mengine: mdudu, ngoma, umeme, miwaya. Vijana wa mjini wakachukua herufi za neno la Kiingereza, AIDS, wakazifasiri wenyewe: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Angalia jambo hili, msomaji. Tulikuwa na majina kumi ya kufanyia mzaha, lakini hatukuwa na sentensi moja ya kumwambia mtoto. Mwaka 1990 Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo akaishi na kuimba Dar es Salaam, alitoa wimbo wake "Mambo kwa Soksi" akiwahimiza watu watumie kondomu. Radio ya taifa haikuupiga. Watu waliujua wimbo ule kwa kaseti na kumbini, lakini redio, ambayo ndiyo iliyofika vijijini kama hapa kwetu, ilinyamaza.

Katika hali kama hiyo, waandishi wa *Kilio Chetu* walifanya jambo la ujasiri. Waliyaweka maneno mimba, kondomu na UKIMWI katika kitabu cha shule, wakamsimamisha mzazi mbele ya watoto na kumwambia kwamba kosa ni lake. Wala hawakuyasema hayo kwa hotuba. Walitumia mtambaji na dubwana, vitu ambavyo mtoto yeyote aliyewahi kukaa karibu na moto wa bibi yake anavielewa. Hilo nalisifu bila kusita.

Hata hivyo nina hoja tatu dhidi ya kitabu na dhidi ya namna tulivyokisoma. Nimezihesabu tatu kama swali la mtihani linavyotaka.

Hoja ya kwanza ni kuhusu ukimya wenyewe. Mama Suzi anachorwa kama mtu aliyeshikilia ya kale, na wanafunzi wetu huandika bila wasiwasi kwamba anawakilisha "mila potofu". Hapa kitabu kimempunja mama huyu, na sisi waalimu tumeongeza chumvi. Ukimya wa Mama Suzi si mila. Huku kwetu, kwa Wasagara na Wakaguru, mila ilikuwa inasema, tena inasema waziwazi kuliko darasa lolote nililopata kulisimamia. Mvulana aliambiwa jandoni na msichana akaambiwa unyagoni, kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa vitendo. Profesa T. O. Beidelman wa Marekani, aliyeanza kufanya utafiti Ukaguru mwaka 1957, aliandika kitabu kizima juu ya mafunzo hayo, *The Cool Knife*, kilichotoka mwaka 1997. Mgeni alipata habari za kujaza kitabu mahali ambapo sisi wenyeji twasema hapakuwa na lolote.

Lakini mila hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mama mzazi hakutakiwa kumweleza binti yake mambo hayo, wala baba mwanawe wa kiume. Baina yao kulikuwa na heshima, na heshima hiyo ilikuwa na mipaka. Waliosema ni bibi, shangazi na kungwi, kwa kuwa babu na bibi hutaniana na wajukuu, na utani huruhusu neno ambalo heshima hulizuia. Basi Mama Suzi aliponyamaza alifanya lile ambalo mama yake na bibi yake walilifanya. Tofauti ni kwamba enzi zao binti aliponyamaziwa na mama, alikuwapo mwingine wa kumwambia nyuma ya nyumba. Suzi hakuwa naye. Wamisionari wa kwanza waliofika Mpwapwa na Mamboya katika robo ya mwisho ya karne ya 19 waliuona unyago kuwa ni ushenzi. Shule nayo ikaja na kalenda isiyoacha nafasi ya kukaa ndani. Mji ukamtenga mtoto na bibi yake. Tulimfukuza kungwi, na kiti chake kikabaki kitupu.

Sisemi hayo ili turudi kule. Unyago ulimfundisha msichana kumridhisha mwanamume kuliko kujilinda mwenyewe, na mara nyingi alitoka ndani akielekea kwenye ndoa kabla mwili haujakomaa. Kisu kimoja cha jando kilipita kwa wavulana wengi, na leo tunajua hatari yake. Ninachosema ni kwamba kitabu kimeuliza kwa nini mama hakusema, kumbe swali kubwa zaidi ni hili: nani leo anakalia kiti cha yule aliyekuwa anasema?

Hoja ya pili ni kuhusu kifo. Katika *Kilio Chetu* mwalimu mkuu ni kaburi. Joti anakufa ili sisi tujifunze. Mwaka 2006 ilitoka tamthiliya nyingine, *Orodha* ya Steve Reynolds, ambayo nayo ilisomwa sana shuleni. Humo binti Furaha amekufa kwa UKIMWI, naye ameacha barua yenye orodha. Wanaume wazima wa kijiji wanahangaika kabla haijasomwa, kila mmoja akidhani jina lake limo. Kumbe orodha si ya majina. Ni ya mambo ambayo, kama Furaha angekuwa nayo, yangemwokoa. Kwa upande huu naiona *Orodha* imepiga hatua mbele ya *Kilio Chetu*, kwa sababu inamgeukia mtu mzima mwenye fedha. *Kilio Chetu* kinatuonyesha kijana mwenzake Suzi. Lakini sisi wa Lumuma tunajua kwamba msimu wa vitunguu, anayemwangamiza msichana wa shule aghalabu si Joti. Ni mtu mwenye umri wa baba yake, aliyeshuka kwenye lori na fedha mfukoni, ambaye hana haja na mikutano ya wazazi.

Lakini tamthiliya zote mbili zinaishia makaburini, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Kitabu kilichosema kweli mwaka 1995 kinaweza kumpotosha mtoto wa leo kama mwalimu hakuongeza neno. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa nchini bila malipo. Tangu mwaka 2016 anayepimwa akakutwa na virusi huanzishiwa dawa mara moja, bila kusubiri augue. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ili kijana wa miaka 15 aweze kupimwa bila kungoja idhini ya mzazi. Anayemeza dawa zake sawasawa, mpaka virusi visionekane kwenye vipimo vya damu, huishi miaka yake, wala hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Suzi wa leo, akienda kliniki mapema na kufuata dawa, ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto asiye na virusi na kumlea hadi amwone mjukuu.

Maambukizi nayo yamepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Ule wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta 4.4 katika kila 100 wa miaka 15 na kuendelea. Wenye virusi wanaishi nasi, wanalima, wanafundisha, wanaimba kwaya. Mwanafunzi anayesoma tamthiliya hizi bila kuambiwa hayo hujifunza jambo moja tu, kwamba mwenye virusi ni maiti. Na katika darasa la wanafunzi 50 huenda yupo mmoja aliyezaliwa navyo, anayemeza vidonge vyake kila jioni kwa siri. Je, tumewahi kumfikiria mtoto huyo anaposomewa kifo cha Joti, na wenzake wanacheka?

Hoja ya tatu inatuhusu sisi waalimu, na ndiyo iliyo nzito kwangu. Kitabu kiliandikwa ili kuvunja ukimya. Sisi tukakigeuza kuwa notisi. Tukawafundisha watoto kuandika "umuhimu wa elimu ya jinsia" kama dhamira kuu, wakapata alama zao, na elimu yenyewe hatukuitoa. Ni sawa na kumfundisha mtu mwenye njaa tahajia ya neno ugali. Nami chuoni nilifanya hivyo hivyo. Nilisahihisha maandalio ya masomo ya walimu wanafunzi, nikapima malengo, zana na hatua za somo, wala sikumwuliza hata mmoja: mtoto akikuuliza hiyo elimu ni ipi, utamjibu nini?

Hapa sina budi kusema jambo ambalo sijapata kuliandika. Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa shule, mahali ambapo sitapataja. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba kila muhula muuguzi anakuja kuwapima wasichana kama wana mimba. Tuliwapanga mstari kama mzigo unaokaguliwa. Siku moja alikutwa msichana wa kidato cha pili, mwenye akili, aliyeandika insha nzuri kuliko wenzake wote. Barua ya kumfukuza niliiandika kwa mkono wangu. Niliandika kwamba amekwenda kinyume cha maadili ya shule. Aliyempa mimba alikuwa mnunuzi wa mazao, na hakuna aliyemwandikia barua. Aliondoka na sanduku lake la bati kichwani, mchana, wenzake wakimchungulia madirishani.

Nilikutana naye tena mwaka 2008 kwenye gulio. Alikuwa anauza maandazi na chai. Alinitambua kabla sijamtambua, akafuta mikono kwa khanga, akasema, "Shikamoo mwalimu." Alinikaribisha chai, akakataa fedha yangu. Tulipoongea kidogo nilipata ujasiri wa kumwuliza kama siku zile kulikuwa na mtu yeyote aliyewahi kumweleza mambo hayo. Alicheka kidogo tu. Akasema, "Hakuna, mwalimu. Mimi nilidhani mara moja haihesabiwi."

Tulimpima tumbo, lakini hatukumfundisha. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya Mama Suzi, na naitoa nikiwa nimesimama pembeni yake. Yeye alimnyima binti mmoja. Mimi nilikuwa na wasichana zaidi ya mia mbili.

Mambo yamebadilika kidogo tangu hapo, ingawa hayakubadilika upesi. Mwaka 2016 sheria iliwekwa kwamba anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule za serikali. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha na kwa aibu, kwa kuwa msichana wangu wa mwaka 1994 wakati huo angeweza kuwa na wajukuu. Lakini waraka wa kumrudisha mtoto shuleni haumwambii asichoambiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kupata ujauzito. Hao ni wengi mno kusema kwamba wote walielezwa wakakaidi.

Sasa msomaji ataniuliza, kama nilivyomwuliza mjukuu wangu: waambiwe nini? Ningekuwa mnafiki kama ningehakiki ukimya wa wengine kisha niishie na ushauri wa jumla. Jioni ile nilimwita bibi yake akaketi nasi, maana mambo mengine msichana huyasikia vizuri zaidi kwa mwanamke. Tukafunga daftari. Haya ndiyo tuliyomwambia, mimi nikianza na bibi akijaza pale niliposhindwa.

Kwamba tangu siku ya kwanza ya damu ya mwezi, na hata kabla kidogo, mwili unaweza kushika mimba, na mara moja inahesabiwa. Kwamba virusi havionekani usoni, na mwenye shati safi na lori anaweza kuwa navyo bila yeye mwenyewe kujua. Kwamba kusubiri ndiyo njia tunayomwombea, lakini asiyesubiri ajue kwamba kondomu ikitumiwa vizuri kila mara huzuia mimba na maradhi kwa sehemu kubwa. Kwamba mwanamume mzima anayempa mwanafunzi zawadi ananunua, hata kama anaiita zawadi. Kwamba akishikwa kwa nguvu, kosa si lake hata chembe, na akimbilie kituo cha afya bila kuchelewa, kwa kuwa zipo dawa za kuzuia maambukizi zinazotolewa kabla ya saa 72 kupita. Na kwamba likitokea lolote, arudi nyumbani. Mlango wetu hautafungwa, wala hakuna barua itakayoandikwa.

Nilisema hayo kwa kigugumizi, nikitazama mashamba badala ya kumtazama yeye. Bibi yake alinicheka waziwazi. Akasema kwamba mwalimu amefundisha miaka thelathini na saba na leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Mjukuu naye akacheka, kisha akauliza maswali. Aliuliza mengi, na mengine sikuwa na jibu lake, tukakubaliana kwamba kesho yake bibi atampeleka kwa muuguzi wa zahanati.

Ushauri wangu kwa waalimu vijana ni mdogo. Mtakapoisoma *Kilio Chetu* darasani, isomeni kwa sauti kama tamthiliya inavyotaka, watoto wagawane sehemu. Mkifika pale Suzi anapoanza kupotea, simameni. Msiulize dhamira. Ulizeni Suzi anahitaji kuambiwa nini sasa hivi, na nani katika kijiji chenu awe wa kumwambia. Kama jibu halipatikani darasani, mwiteni muuguzi, mwiteni bibi wa mtaa wa pili anayejua kusema. Kitabu kizuri kinaweza kumlilia mtoto, lakini hakiwezi kukaa naye barazani. Hiyo ni kazi yetu, nami nimeianza nikiwa nimechelewa.